Wanajeshi Wastaafu wa Tana Wasiachwe Majini



Mto Tana unapovunja kingo zake, Wakenya huonyeshwa picha ambayo sasa wameizoea: askari kijana wa Majeshi ya Ulinzi amesimama ndani ya maji hadi kiunoni, akimsaidia mzee kupanda boti. Kazi hiyo ni ya heshima, nasi hatuna neno baya juu yake. Swali letu linamhusu huyo mzee. Katika vijiji vya Garsen, na kando ya mto kupanda hadi Hola, Bura na Madogo, wamo wazee waliovaa sare kama hiyo, wakala kiapo kama hicho, wakaitumikia nchi hii ujana wao wote. Boti inapowashusha kambini, hakuna anayewauliza walikuwa nani. Wanahesabiwa, wanapewa blanketi na kibaba cha unga, na kesho yake wanasahauliwa.

Tahariri hii inawahusu wazee hao, wajane wao na mayatima wao. Tunasema mapema, ili asiwepo wa kutusingizia, kwamba hatuwaombei upendeleo mbele ya mkulima wa Kipokomo au mfugaji wa Kiorma ambaye naye amepoteza kila alichokuwa nacho. Tunachodai ni deni lilipwe, na deni si sadaka.

Mto Tana unaanzia Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, unapita nchi kavu kwa mwendo wa takriban kilomita 1,000, kisha unaingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Tangu enzi za mababu mafuriko yake yalikuwa na neema ndani yake. Yaliacha tope lenye rutuba lililostawisha mpunga na migomba, na yaliwawekea wafugaji malisho ya wakati wa kiangazi. Mtu wa Tana, kwa hiyo, haogopi maji kwa sababu ni maji. Anachokiogopa ni maji yanayomjia wakati asioutarajia na kwa wingi asioujua. Huko juu yapo mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mvua kubwa zikinyesha na mabwawa hayo yakajaa, maji humwagika na kuteremka, na anayeishi bondeni huambiwa ahame. Ahamie wapi, kwa gharama ya nani, na arudi lini, hayo hayatangazwi kwa sauti kubwa kama ile ya onyo.

Wala hili si jambo la juzi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliharibu barabara na madaraja nchi nzima, na Uchaguzi Mkuu wa Desemba 1997, wa pili tangu vyama vingi virudishwe, ulifanyika wakati ardhi ingali imelowa. Mwaka 2018 maji yalirudi. Novemba 2023 yaliikata barabara kati ya Madogo na Garissa, na wasafiri wa Garsen kwenda Witu na Lamu wakakwama njiani. Kabla watu hawajaanua vitu vyao, masika ya 2024 yakaingia. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo boti iliyokuwa imejaa abiria ilizama kati ya Tana River na Garissa, na roho za watu zikapotea. Familia iliyohamishwa mara mbili katika muda wa miezi sita haina tena akiba ya kuuza wala jirani wa kumkopa, kwani jirani naye yuko katika hema la pili yake.

Sasa tumtazame mwanajeshi mstaafu katika hali hiyo. Tuseme ni mzee wa miaka sabini na kitu, mwenyeji wa kijiji kilicho ukingoni. Aliandikwa jeshini katika miaka ya 1970, akapelekwa kulinda mpaka wa kaskazini mashariki, akastaafu na kurudi kwenye shamba lake la maembe na mpunga. Karatasi zake zote zimo katika sanduku la bati chini ya kitanda: cheti cha kuondoka jeshini, barua za pensheni, kitabu cha benki, karatasi za hospitali zinazoeleza jeraha la mguu. Maji yanaingia usiku. Anawatoa wajukuu kwanza, kama upasavyo utu na kama alivyofunzwa. Anaporudi kulitafuta sanduku, halipo. Limekwenda na mto.

Hapo ndipo mafuriko ya pili yanapoanza, yaani mafuriko ya ofisi. Malipo yake yakikwama, anaambiwa alete cheti. Anaeleza kwamba cheti kimezama. Anaambiwa aandikishe upotevu, alete kitambulisho, alete barua ya chifu. Na kitambulisho nacho kilikuwa ndani ya sanduku, na chifu mwenyewe amehamishwa. Anashauriwa aende Hola, na barabara haipitiki. Siku inapopitika anafika Hola, na huko anaelezwa kwamba shauri lake ni la Nairobi. Nauli ya kwenda Nairobi na kurudi, pamoja na mahali pa kulala, ni fedha ambazo mtu anayekula chakula cha kambini hawezi kuzipata. Ikiwa mzee ameshafariki na anayedai ni mjane, basi mlima ni mrefu zaidi, maana wengi wao waliolewa kwa mila na desturi, na shahidi wao mkubwa ni wazee wa kijiji ambacho sasa kimetawanyika.

Lakini kipo kitu kimoja ambacho mto haukukichukua. Mwulize mzee huyo nambari yake ya jeshi, atakutajia papo hapo. Huenda amesahau tarehe alizozaliwa watoto wake, lakini nambari hiyo aliitamka kila siku mbele ya wakubwa wake, nayo itatoka kinywani mwake hata akiwa na homa. Nambari hiyohiyo imo katika kumbukumbu za Wizara ya Ulinzi, ambazo hazikufikiwa na maji ya Tana. Basi kwa nini mtu aliyepoteza nyumba ndiye abebeshwe mzigo wa kuthibitisha jambo ambalo Serikali yenyewe inalijua? Hicho ndicho kiini cha malalamiko yetu.

Tunajua wapo watakaosema kwamba hiki ni kilio kipya cha wanasiasa. Si kipya. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Mto Tana wenyewe ulikuwa mstari wa ulinzi dhidi ya majeshi ya Italia yaliyokuwa Somalia. Kutoka upande huu wa mto majeshi ya Afrika Mashariki, wakiwamo askari wa King's African Rifles, yalisonga mbele mwanzoni mwa 1941. Kismayu ikatekwa Februari, na Mogadishu ikafuata mwezi uo huo. Kisha askari wa Kenya wakapelekwa mbali zaidi, hadi misitu ya Burma. Askari Mwafrika alilipwa kidogo kuliko mzungu aliyekuwa naye vitani, na kiinua mgongo chake kilipimwa kwa rangi ya ngozi yake. Mwaka 2018 ndipo Serikali ya Uingereza ilipotangaza pauni milioni 12 za kuwasaidia wastaafu maskini wa nchi za Jumuiya ya Madola waliopigana chini ya bendera yake. Ilikuwa miaka 73 tangu vita viishe. Wengi wa waliokuwa wakidai walikuwa wamekwisha kuzikwa. Deni linalocheleweshwa hivyo mdaiwa hulipa kidogo, kwa kuwa kifo kimemfutia sehemu kubwa.

Na hapa Tana River tunayo Hola, mahali ambapo mnamo 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa hadi kufa mikononi mwa wakoloni. Waliopigania uhuru wa nchi hii waliendelea kuhesabiwa kuwa wanachama wa chama kilichopigwa marufuku hadi 2003, miaka 40 baada ya bendera yetu kupandishwa. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9 kwa mateso waliyoyapata. Mtawala wa kigeni alisubiri mahakama imkaripie kabla ya kulipa. Je, Serikali yetu wenyewe, tuliyoichagua kwa kura zetu, nayo isubiri hivyo hivyo?

Hatusemi hayo kwa kubahatisha. Baada ya jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982, Jeshi la Anga lilivunjwa, na askari wengi wakakamatwa na kutupwa vizuizini. Mwaka huo huo, mwezi Juni, Kenya ilikuwa imefanywa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja. Katika miaka iliyofuata, nani angethubutu kusimama hadharani akauliza habari za haki za askari aliyeondolewa kazini? Ni baada ya mageuzi ndipo baadhi ya askari hao walipofika mbele ya majaji, na mahakama ikakiri kwamba haki zao zilikiukwa, ikaamuru walipwe fidia. Wanaouliza vyama vingi vimeleta nini wachukue hilo liwe jibu mojawapo: vimemwezesha askari wa cheo cha chini kuishtaki Serikali na kushinda. Lakini mtu aliye chini ya turubai pale Garsen hana wakili, na haki isiyofika isipokuwa kwa wakili si haki ya wote.

Wala wastaafu si wazee peke yao. Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu ya El Adde ilivamiwa, na Kenya ikapoteza vijana wengi kwa siku moja. Jirani zetu Lamu wanaishi na operesheni ya msitu wa Boni tangu 2015. Kutokana na kazi hizo wapo wanaume na wanawake waliorudi nyumbani wakiwa bado vijana, wengine bila mkono au mguu, wengine wakiwa na majeraha ya akili yasiyoonekana kwa macho. Mtu wa namna hiyo hutegemea dawa na utulivu. Mafuriko huondoa vyote viwili kwa usiku mmoja, na katika kambi iliyojaa watu na kelele hakuna anayejua kwa nini kijana fulani halali.

Tukiitazama sheria, hatuoni upungufu wa maneno mazuri. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na inaitaka Serikali iwasaidie wasioweza kujikimu. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa haraka na kwa njia ya haki. Kifungu cha 57 kinazungumzia wazee na kuishi kwa heshima. Kifungu cha 241 kinaagiza Majeshi ya Ulinzi yasaidie wakati wa dharura na maafa, kisha yatoe taarifa kwa Bunge la Taifa kila yanapotumwa kwa kazi hiyo. Jedwali la Nne linaweka shughuli za maafa mikononi mwa Serikali Kuu na kaunti zote mbili. Zaidi ya hayo, mwaka 2022 ilitungwa Sheria ya Wanajeshi Wastaafu, ili mambo yao na ya wanaowategemea yawe na utaratibu. Sheria hiyo tuliipokea kwa furaha. Lakini tunauliza: mzee wa Ngao au Kipini aliyepoteza sanduku lake aende mlango upi, siku ipi, akamwone nani? Sheria isiyo na mlango ni picha ya nyumba.

Tunajibu sasa lile pingamizi ambalo tunalisikia hata kwa marafiki zetu. Wanasema: maji hayakuchagua, basi na msaada usichague, ukimtenga mwanajeshi, mwalimu mstaafu atasemaje, na yule mama aliyelima maisha yake yote bila mshahara? Pingamizi hilo ni la haki, na jibu letu ni hili. Chakula, dawa, maji safi na hema ni vya wote kwa kipimo kimoja, na atakayemruka mtu mwingine katika foleni ya unga kwa sababu aliwahi kuvaa sare, tutampinga sisi wenyewe. Lakini pensheni ya askari, matibabu ya jeraha alilolipata kazini, na malipo ya mjane wake, hayo si msaada wa mafuriko. Yalikuwa yake kabla mvua haijanyesha. Mafuriko yamekatiza njia tu ya kuyafikia, na kazi ya Serikali ni kuifungua njia hiyo. Utaratibu huo ukifanikiwa kwa askari, ambaye kumbukumbu zake zimehifadhiwa vizuri kuliko za wengine, hatutakuwa na sababu ya kuukosa kwa mwalimu, kwa karani, na kwa mzee anayetegemea shilingi 2,000 za Inua Jamii kila mwezi.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wapenda mageuzi moja kwa moja. Tulizaliwa katika siasa ambamo kadi ya chama ilikuwa pasi ya kuingilia sokoni, na gunia la mahindi ya njaa lilishushwa pamoja na hotuba. Tulipigania kifungu cha 2A kifutwe, na Desemba 1991 kikafutwa. Lakini tabia haifutwi na Bunge kwa siku moja. Hata leo, penye maafa hatokosekani mheshimiwa anayefika na blanketi kumi na wapiga picha wanne, akawaita wastaafu mbele, akawapa mkono, akaahidi kuwashughulikia. Mzee aliyewahi kusimama wima mbele ya bendera analazimika kupiga makofi ili akumbukwe. Huo ni utumwa mpya, na chama kitakachoufanya, kiwe kinatawala au kiwe cha upinzani, kitakuwa kimewasaliti waliomwaga damu kwa ajili ya vyama vingi.

Kwa hiyo tunadai mambo yafuatayo, na tunayadai kwa Wizara ya Ulinzi, Hazina ya Taifa, Serikali ya Kaunti ya Tana River na wabunge wetu wote bila ubaguzi.

Kwanza, iwepo orodha ya wanajeshi wastaafu na wajane wao kwa kila wadi ya Tana River, itengenezwe wakati wa ukame, kabla mvua hazijaanza. Majina yasomwe katika baraza ili aliyeachwa ajitokeze na asiyehusika aondolewe. Habari za afya na za fedha za mtu zibaki siri yake. Orodha isikae kwa mwanasiasa yeyote.

Pili, mzigo wa kuthibitisha uhamishwe. Mstaafu atakayetaja jina na nambari yake ya jeshi, na kutambuliwa na wazee wa kijiji chake, atafutiwe kumbukumbu zake na Wizara, na apewe nakala bila ada. Malipo yasisimamishwe wakati uchunguzi ukiendelea.

Tatu, ofisi iende kwa watu. Maafa yanapotangazwa, maafisa wa pensheni, wa vitambulisho na wa matibabu wafike Garsen, Hola na Madogo, wakae kambini hadi shughuli iishe. Hili si jambo la ndoto. Marekani, baada ya vimbunga vyake vikubwa, idara ya wastaafu wa jeshi hupeleka zahanati na maduka ya dawa yaliyo ndani ya magari mpaka mahali palipoharibika. Afrika ya Kusini ina idara ya wastaafu wa jeshi, na sheria yao imekuwapo tangu 2011. Kenya haina fedha za Marekani, lakini lori moja, meza mbili na karani mwaminifu haviishindi Serikali yetu.

Nne, taarifa ambayo Katiba inaitaka ipelekwe Bungeni majeshi yanapotumwa kwenye maafa iwe na sehemu inayoeleza wastaafu wangapi walifikiwa, wangapi walilipwa na wangapi wamebaki. Bunge lisipoiuliza, wapiga kura waulize.

Tano, wastaafu waingizwe katika kamati za maafa za wadi, wasiachwe kuwa wapokeaji tu. Hawa ni watu waliofunzwa kusoma ramani, kuvusha watu mtoni, kufunga majeraha na kugawa chakula kwa hesabu. Isitoshe, wamo Wapokomo, Waorma, Wawardei na Wamunyoyaya waliokula sahani moja katika kambi moja. Hatujasahau 2012, wakati damu ilipomwagika Riketa na Kilelengwani. Penye maafa, uvumi kwamba kabila fulani limependelewa unaweza kuwasha moto upya. Wazee waliokuwa kikosi kimoja, wakisimama pamoja mbele ya ghala la msaada, wanaweza kuuzima uvumi huo kabla haujafika kijiji cha pili. Lakini wachaguliwe na wananchi, wala asipewe yeyote silaha au amri juu ya raia. Tunataka ujuzi wao, hatutaki jeshi la wazee wa chama.

Ndugu zetu wastaafu nao tunawaambia: msijifiche, wala msione aibu kudai. Mlifunzwa kunyamaza mbele ya mkubwa, na jeshini pengine palikuwa na sababu. Uraiani mkubwa wenu ni Katiba. Andikeni majina yenu, waleteni wajane wa wenzenu, mweke nakala ya vyeti vyenu kwa mtoto aliye mjini au katika shule au nyumba ya ibada iliyo mahali pa juu. Mbunge akija, msimwombe chochote; mwulizeni.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Walimsema mtu asiyejua fadhila, lakini maneno hayo yanaweza kulisema taifa pia. Mvua zitanyesha tena Nyandarua, na mabwawa yatajaa tena. Siku hiyo boti itakapofika kijijini na kijana mwenye sare akanyoosha mkono wake, tunataka ajue kwamba mzee anayemvuta anaweza kuwa yeye mwenyewe miaka arubaini ijayo, na kwamba Kenya anayoitumikia haitamwacha majini. Kijana asiyeamini hivyo, tutampa sababu gani ya kuilinda nchi hii?